Naomba ushauri: farasi mdogo wa maonyesho, tumbo limeshuka mgongo umekonda

Habari zenu wanakikundi, wakubwa shikamooni. Niko Texas, nina farasi jike wa ile aina ndogo, kimo inchi 33, uzito kilo kama 90. Nataka aingie uwanjani majira ya joto, ila tumbo limening'inia na uti wa mgongo unashikika kwa vidole. Mimba hana, daktari amempima. Dawa ya minyoo amepata, meno yamekaguliwa. Anakula nyasi kavu kilo 1.8 kwa siku, na namkimbiza kwa kamba ndefu. Kumpunguzia chakula naogopa sana, maana hawa wadogo wakishinda njaa mafuta hujaa kwenye damu, wanaweza kufa.

Je, sehemu ya nyasi niibadilishe kwa lusini (alfalfa, majani ya mifugo ya jamii ya kunde) ili apate protini? Na kumtembeza mlimani kutajenga mgongo?