Yule bwana wa "OK ilitoka vitani" leo amevuka mpaka!

Wadau, mnamjua, simtaji. Leo tena kaja na uzushi wake kwamba OK ni "0 Killed", eti askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani waliandika hivyo siku ambayo hakufa mtu. Nikammwagia ushahidi wa kujaza lori. Akajibu: K, yaani OK iliyokatwa. Herufi moja!

Vita hivyo vilianza 1861. OK ilichapishwa kwenye gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, miaka 22 kabla! Hao askari walikuwa wanapigana na nani? Wahariri wa Boston enzi hizo walikuwa na mchezo wa kukosea tahajia makusudi kisha kufupisha: "all correct" ikawa "oll korrect", o.k.; "all right" ikawa "oll wright", o.w. Nyingi zilikufa. OK ilipona kwa sababu mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa mji wa Kinderhook, aligombea tena urais, wafuasi wakamwita Old Kinderhook na kuanzisha O.K. Club kule New York. Uchaguzi alishindwa, neno likabaki. Mtafiti wa maneno Allen Walker Read aliyaanika haya kwenye jarida la American Speech, 1963 na 1964. Halafu mtu anajibu K!

Na maana yake anaijua. OK ni kukubali, ni "si nzuri si mbaya", ni bosi kuidhinisha barua, ni kufungua mada mpya. K peke yake kwenye meseji ni kufungiwa mlango usoni.

Msomi wa Kijiweni: Mkuu, umepewa herufi moja umeandika gazeti. Imekuingia.

Chuma Chakavu: Umewaruka Wawolofu, watu wa Afrika Magharibi. "Waw kay" kwao ni kukubali, na watumwa kutoka huko walikuwa Marekani kabla ya hilo gazeti lako.

Mleta uzi: Kufanana sauti hakutoshi. Tafuta andiko la zamani kuliko yote, soma sentensi nzima ujue lilimaanisha nini, kisha lifuate mwaka kwa mwaka. Kwa Wawolofu nyayo zinapotea njiani. Hata "okeh" ya Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, aliyoipenda Rais Woodrow Wilson, ni hivyo hivyo. Lakini K jamani, K!

Mama Nasra: Afadhali wako. Wangu anasambaza kwenye magrupu kwamba NEWS ni North, East, West, South. Ni mambo mapya tu, "new" imewekwa wingi!

Chuma Chakavu: Wangu ni wa SOS, ile ishara ya meli kuomba msaada, eti ni "Save Our Souls", okoa roho zetu. Wajerumani waliiweka kwenye kanuni zao 1905 kwa kuwa kwa alama za Morse, nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu hutambulika upesi hata redio ikiwa na kelele. Hakuna roho ya mtu humo.

Msomi wa Kijiweni: Na hutumwa mfululizo. Ukiacha nafasi katikati umetuma S, O, S, herufi tatu za kawaida.

Mleta uzi: Uzi ni wa K!

Mama Nasra: Na "posh", neno la Kiingereza la mambo ya kifahari, je? Eti "Port Out, Starboard Home", chumba cha kushoto kwenda na cha kulia kurudi, kwenye tiketi za meli za kwenda India. Hiyo tiketi yenye muhuri huo iko wapi? Haijawahi kuonekana hata moja!