Riwaya ya wafungwa wanaosubiri kuuawa na askari wanaowalinda: King, Gaines au Hugo?

Msomaji wa Buruburu
Habari zenu wapenzi wa vitabu. Kikundi chetu hapa Buruburu kinatafuta riwaya ya mwezi ujao. Mada tumeshakubaliana: wafungwa wanaosubiri kuuawa na askari wanaowalinda. Zimebaki tatu: The Green Mile ya Stephen King, A Lesson Before Dying ya Ernest Gaines, na kile kitabu chembamba cha Victor Hugo cha mwaka 1829 kuhusu siku ya mwisho ya mhukumiwa. Wengi wetu tunasomea kwenye matatu. Tena yuko mama mmoja kikundini ambaye mwanawe yuko ndani, kesi haijaisha, na sitaki tumtoneshe kidonda. Naomba maoni ya waliosoma, si waliotazama filamu.

Kinanda
King, hapo hakuna mjadala. Riwaya yenyewe ilitoka vipande sita, kimoja kila mwezi, Machi hadi Agosti 1996, na kila kipande kinakuacha roho juu. Msimulizi ni Paul Edgecombe, mkuu wa askari wa jengo la wahukumiwa huko kusini mwa Marekani mwaka 1932, sasa ni mzee sana, anaandika akiwa kwenye nyumba ya wazee. Utampenda mfungwa Delacroix na panya wake, ingawa unajua alichofanya ni unyama. Halafu ukutane na askari Percy. Sifongo inayowekwa kichwani mwa mtu wa kiti cha umeme lazima iloweshwe maji ya chumvi ili umeme upite haraka. Percy anaiacha kavu kwa makusudi. Kurasa zile sijawahi kuzirudia.

Mwalimu wa Jioni
Kinanda, kulia utalia, lakini jiulize umelizwa na nini. John Coffey, mhukumiwa mwingine wa King, ni jitu jeusi lisilo na hatia, lina karama ya kuponya, na karibu kila anayeponywa ni mzungu. Mwisho anasema amechoka na anakubali kufa, wauaji wake wabaki na dhamiri nyororo. Mtengeneza filamu Spike Lee alishalalamikia wahusika wa namna hiyo, na sioni alikokosea.

Gaines hana muujiza wowote. Ni Louisiana, kusini hukohuko mwa Marekani, miaka ya 1940. Jefferson alikuwapo tu dukani watu walipopigana risasi. Wakili wake mwenyewe, katika kumtetea, anaiambia mahakama kwamba kumkalisha kwenye kiti cha umeme ni sawa na kumkalisha nguruwe. Bibi aliyemlea haombi aachiliwe, maana anajua hataachiliwa. Anataka mwalimu Grant amfundishe, ili siku ikifika aende kama mwanamume. Na Grant hataki hata kwenda! Anasukumwa na shangazi yake. Kuna sura moja ambayo ni daftari la Jefferson, halina nukta wala herufi kubwa, tahajia imepinda yote. Nimesahihisha insha maisha yangu yote, na ile singethubutu kuitia kalamu nyekundu.

Dada wa Ngara
Tuseme na bei pia. King utampata kwa wale wa inama, vitabu vimepangwa chini barabarani mjini, ukijua kupatana hutaumia. Gaines nimemtafuta sana huko bila mafanikio, labda muagize. Hugo hakimiliki iliisha zamani, yuko bure mtandaoni, na ni mfupi, wikendi moja unammaliza.

Ila kwa huyo mama, Hugo hapana. Mhukumiwa anaandika mwenyewe hadi karibu na mwisho, na kosa lake hatuambiwi. Analetewa binti yake mdogo kumuaga, mtoto hamtambui, anamwamkia kama mgeni. Mimi sina mtu jela na nilishindwa kuendelea. Askari wa Hugo nao ni vivuli tu, isipokuwa mmoja anayemwomba mhukumiwa, akishakufa, arudi usiku amtajie namba za bahati nasibu. Anaomba kwa adabu kabisa! Sikujua nicheke au nilie.

Kijana wa Kawangware
Kwani lazima twende Marekani na Ufaransa? Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla iliandikwa gereza la Kamiti hapahapa, ikachapishwa 1973.

Mwalimu wa Jioni
Hayo ni mashairi, kijana wangu, na yeye alifungwa kwa siasa, hakuhukumiwa kifo. Lakini someni, hata kama si mwezi huu.

Afande Mstaafu
Nilivaa sare ya magereza mpaka nikastaafu, kwa hiyo niruhusuni neno. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mahakama ziliendelea kuhukumu, watu wakajaa, hadi Rais Kibaki mwaka 2009 akawabadilishia zaidi ya elfu nne kuwa kifungo cha maisha, na 2016 Rais Kenyatta akafanya hivyo tena. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikasema hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji. Askari wa kizazi changu alikaa na watu wanaosubiri jambo lisilokuja. Edgecombe yeye lilimjia, na kazi ilikuwa yake.

King amepatia mazoezi. Kabla ya siku yenyewe askari wanafanya majaribio, mfungwa mmoja mzee anakaa kitini badala ya mhusika na kutania, nao wanajizuia kucheka. Amepatia pia kusema kwa upole, maana mtu mwenye hofu ni hatari kwa kila mtu ndani. Kumtoa mfungwa usiku kwa gari akamponye mke wa mkuu wa gereza, hiyo ni hadithi, tumwachie.

Kwa Gaines, mtazameni yule askari kijana anayeitwa Paul. Hana maneno mengi, lakini ni mkononi mwake daftari linapopitia.

Kinanda
Afande, wote wawili wanaitwa Paul! Mwalimu, la Coffey nakubaliana nawe nusu. Lakini kitabu ni cha Edgecombe. Anaishi kupita miaka mia akikumbuka, na hiyo ndiyo adhabu yake.

Dada wa Ngara
Haya, umeshatoboa mwisho.

Msomaji wa Buruburu
Asanteni. Nimempigia yule mama nikamweleza vyote vitatu. Amechagua King kabla sijamaliza. Anasema anataka kile kinachosimuliwa na askari, ajue wanazungumza nini milango ikishafungwa. Basi tunaanza King, vipande viwili kila wiki, na Gaines tunamwagiza sasa hivi ili awe tayari mwezi unaofuata. Mwalimu, usininunie. Afande, ukipata nafasi Jumamosi ya mwisho, karibu sana.

Afande Mstaafu
Nitafika. Filamu msiwaonyeshe kwanza. Ni zaidi ya saa tatu, na mkishaiona kila mtu atamsoma Edgecombe kwa sura ya Tom Hanks.