Naombeni ushauri: nashuka makatakombe ya Roma, usingizi hauji

Hija_Mbili: Wakuu, habari za majukumu. Niko Roma na kundi la parokia. Jumatano asubuhi tunashuka makatakombe ya Callisto, yale makaburi ya kale ya chini ya ardhi, nimelipia watu wawili. Nivae nini, na hewa ya chini ikoje? Zimebaki siku tatu.

Jiwe_Laini: Chini joto ni nyuzi 15 hivi mwaka mzima, na unyevu ni mwingi. Beba sweta hata kama juu jua linachoma. Viatu viwe vya soli ya mpira, ngazi za tufo huteleza. Tufo ni jiwe la volkano: laini likichongwa, likikaa kwenye hewa hukakamaa. Ndiyo maana wachimbaji waliweza kushuka tabaka hadi tabaka kwa sururu tu, na dari zimesimama mpaka leo. Picha marufuku, na bila mwongozaji huingii.

Kando_ya_Appia: Na ile hadithi inayosimuliwa sana, kwamba Wakristo waliishi humo wakijificha, tuiache. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo makaburi yakapangwa kando ya barabara kuu, ya Wakristo na ya wapagani. Callisto pekee ina njia za karibu kilomita 20. Chumba cha Mapapa, walimozikwa mapapa 9 wa karne ya 3, kiligunduliwa na mwanaakiolojia de Rossi mwaka 1854. Mifupa usiitarajie, utaona mashubaka matupu ukutani. Masalia ya mashahidi yalihamishiwa makanisa ya mjini karne ya 8 na ya 9.

Mama_Sinza: Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya sweta. Huyo wa pili ni nani?

Hija_Mbili: Ni mama yangu, miaka 74. Anatembea na mkongojo. Lifti hapandi, mlango ukifungwa tu pumzi inambana. Sijamwambia kama ni chini ya ardhi, anajua tunakwenda kwa Mtakatifu Sesilia, yule shahidi aliyekatwa shingoni kwa upanga. Lakini nimeshalipa, na nitamshika mkono mwanzo mwisho.

Jiwe_Laini: Mkono utamshikaje, mkuu? Njia nyingi hazifiki upana wa mita moja, mnapita mmoja mmoja. Ziara ni kama dakika 40, mwongozaji yuko mbele, nyuma yako kuna watu. Akibanwa pumzi katikati hawezi kurudi peke yake, maana njia zinagawanyika kila hatua chache na zote zinafanana. Itabidi kundi zima ligeuke. Na ngazi huwa mbili: ya kushuka na ya kupanda.

Mama_Sinza: Mzazi haburuzwi kwenye giza kwa kufichwa. Mwambie leo.

Kiranja_wa_Zamu: Ngojeni kwanza. Callisto hufungwa Jumatano! Sebastiano ni Jumapili, Domitilla Jumanne, Priscilla Jumatatu. Huyu kalipia siku ambayo geti lina kufuli? Hii ni chai.

Hija_Mbili: Si chai. Nimeitazama karatasi upya, imeandikwa San Sebastiano. Nimechanganya, hizo mbili zote ziko barabara ya kale ya Appia. Lakini mama amekuja kwa ajili ya Sesilia, na kaburi lake liko Callisto. Kwa hiyo sasa nitafute siku nyingine?

Kando_ya_Appia: Usitafute. Papa Paskali wa Kwanza aliuhamishia mwili wa Sesilia Trastevere, mtaa wa humohumo Roma, mwaka 821. Pale Callisto kuna shubaka lililobaki na nakala ya sanamu. Sanamu yenyewe, ya mchongaji Stefano Maderno, iko kanisani kwake Trastevere, chini ya altare kuu, juu ya ardhi kabisa. Jumatano mwache mama kanisani San Sebastiano na mwenzenu mmoja. Kuna jiwe la Quo Vadis, linaloaminiwa kuwa na nyayo za Kristo, na sanamu ya Kristo ya mchongaji Bernini. Wewe shuka, ziara huishia humohumo kanisani, utamkuta amekaa. Mchana mpande teksi kwenda Trastevere.

Kiranja_wa_Zamu: Samahani mleta uzi. Hapo sawa.

Hija_Mbili: Nimemwambia. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko Trastevere ataruhusiwa kusogea karibu na sanamu.

Kando_ya_Appia: Ataiona vizuri akisimama mbele ya altare. Mwonyeshe shingoni: alama ya upanga imechongwa pale, na vidole vya mkono wa kulia vitatu vimenyooka.