Kapasita ya sabufa inavimba kila mara, nikiweka ya 25V badala ya 16V kuna shida?

mtu_wa_besi: Wakuu habari za jioni. Nina sabufa ya transfoma, ilianza kuunguruma mmmm hata sauti ikiwa chini, kufungua nakuta ile kapasita kubwa ya kutuliza umeme, 2200uF 16V, imevimba kichwa, nikaweka nyingine ya namba zilezile, miezi mitano imevimba tena. Fundi wa mtaani anazo za 25V ila anasema zitazidisha umeme ziunguze IC, ile chipu ya kukuza sauti. Kweli?

bodi_mbovu: Hamna kitu kama hicho. Volti za pale ni kikomo cha inachobeba, haiongezi umeme hata kidogo, ni gunia la kilo mia umetia sabini. Transfoma yako naamini ni 12V, sasa hiyo ni AC, ikipita kwenye diodi zinazoigeuza DC kilele ni 12 x 1.41 karibu 17, toa 1.4 ya diodi inabaki 15.5 na hapo muziki unapiga, ukizima muziki transfoma inakosa mzigo na volti zinapanda. Pima pini zake bila muziki utuambie

mtu_wa_besi: Nimepima sasa hivi, 17.3 😳

jomba_waya: Weka 63V kabisa umalize kazi

fundi_mstaafu: 63 ni pipa, itakaa wapi humo ndani? 25 inatosha, ukipata 35 poa. Mi naona joto ndo linaua kuliko hizo volti. Chukua ya nyuzi 105 sio 85. Ikiandikwa masaa 2000 ni kwa joto hilohilo la 105, ukishuka kila nyuzi 10 umri unaenda karibu mara mbili, kwa hiyo kwenye 65 ni kama masaa 32,000. Na usiibananishe na hitisinki, lile bati la kupoza IC. Halafu angalia kama kuna rezista imegeuka kahawia

mtu_wa_besi: Ipo aisee! Ya ohm 470, inayolisha zena (diodi ya kushikilia volti) ya 5.1V ya kibodi cha bluetooth, imebabua na bodi

fundi_mstaafu: Nilijua. Inashusha volti 12, 12 x 12 gawa kwa 470 ni wati 0.3, na wao wameweka ya robo wati. Weka ya wati moja, iinue miguu isiguse bodi

mtu_wa_besi: Nimepata 25V ya 105 ila ndefu, mfuniko haufungi

bodi_mbovu: Ilaze, bana na gundi, visha miguu mipira isigusane