Nimeandikwa MDAIWA SUGU kwenye kioo cha simu, na baba mkwe kasoma kwa sauti!!!

Wakuu, nina hasira hadi herufi naziona mbilimbili. Yule jamaa mnamjua, sitaji. Yule wa kebo, anayechomeka simu kwenye kompyuta na kubadili programu yake, ambaye kila uzi anajibu "lete hiyo simu, dakika mbili tu". Ndiye.

Nimempa Nokia 3310 yangu atoe jina la mtandao pale kiooni, aweke langu. Basi. Kanirudishia ikiwa imezimwa, nikaitia mfukoni huyooo ukweni. Leo hii baba mkwe kaniomba aangalie saa. Kavaa miwani. Kaisogeza simu mbali na uso. Kasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Mda-i-wa... su-gu." Mama mkwe kaacha kutafuna. Mzee kanigeukia, mpole kabisa: "Hii ni kampuni mpya ya simu, mwanangu?"

Nikasema ndiyo!!! Akauliza kama inashika vizuri.

Nimetoroka chooni, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, namba ya siri 12345, ikawaka na MDAIWA SUGU. Nikaweka laini ya mtandao mwingine: MDAIWA SUGU. Nikaazima ya shemeji: MDAIWA SUGU. Kiumbe huyu hakutosheka na mstari mmoja, kapitia jedwali zima la majina, mtandao mmoja baada ya mwingine, usiku kucha! Hata nikivuka bahari nitapokelewa na MDAIWA SUGU. "Kampuni mpya, mwanangu?" Jamani!

Laini Mbili: Swali dogo mkuu. Unadaiwa au hudaiwi?

Mtoa mada: Hilo siyo hoja hapa.

Laini Mbili: Anadaiwa huyu 😂😂

Shemeji wa Wote: Uzi bila picha ya kioo haunogi. Tupia.

Mzee wa Antena: Kijana, kurudisha mipangilio ni kufagia sebule wakati panya yuko darini. Kwa simu za umri huo mnara unatangaza tarakimu tu: tatu za nchi, mbili au tatu za mtandao. Jina simu inalitafuta yenyewe kwenye jedwali lililomo ndani ya programu yake, na hapo menyu haifiki. Iflashiwe upya, yaani iwekewe programu yake upya kwa kebo. Ungeomba logo tu, ile picha ndogo ya nukta 72 kwa 14, hiyo imefungwa kwenye tarakimu za mtandao mmoja. Ukibadili mtandao, haionekani.

Mtoa mada: Mzee KASOMA KWA SAUTI, SILABI KWA SILABI, wewe unaniletea 72 kwa 14???

Betri Chovu: Mshukuru Mungu yako inawaka na ina mtandao. Mimi jamaa huyohuyo kabadilisha herufi nne, hakurekebisha hesabu ya ukaguzi ya programu. Simu ikajikagua, ikaona haijielewi, ikaandika CONTACT SERVICE. Mwezi wa tatu huu. Nikimuuliza ananiambia "service ndiyo mimi, umeshani-contact".

Laini Mbili: 😂😂😂 huyo apewe ulinzi

Kipachi: Watu wa Nokia mnapenda mateso. Kwenye Siemens ni kipachi kimoja, kifaili cha mabadiliko, unakiingiza kwa programu ya V-Klay. Ndani kina baiti za zamani na mpya, ukijuta unakitengua, umerudi ulipokuwa.

Betri Chovu: Siemens ipi, hizo za kuchaji kabla na baada ya salamu?

Kipachi: Anayesema hivyo ana CONTACT SERVICE mwezi wa tatu.

Mzee wa Antena: Motorola je? Mbona hamzitaji? Humo unahariri seem, yaani vifaili vya mipangilio, kimoja kimoja, ukikosea baiti umepata kizuizi cha mlango.

Mtoa mada: Wakuu, mada ni MDAIWA SUGU. Mzee kanipigia tena sasa hivi. Anataka laini ya hiyo kampuni, anasema jina lake linaonyesha hawana maringo.

Shemeji wa Wote: Mwambie usajili umefungwa hadi ulipe.

Kebo Fupi: Samahani kwa kuingilia, kebo ya 3210 inaingia kwenye 3310?

Kipachi: Nunua Siemens.

Betri Chovu: Na jenereta.