Tupeane uzoefu: kuandaa mitaa ya bondeni Dar kabla ya masika (mitaro, viroba, vyoo, fidia)

Bonde Letu
Wakuu, habari za muda huu. Masika haiko mbali, na vikao vya mtaa vimeanza na ajenda ile ile. Uzi huu ni wa mambo ya kufanya, yenye vipimo. Mabishano ya nani alijenga bondeni na nani alimruhusu yana nyuzi zake, tuyaache huko.

Naanza na hili. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unatandaa Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salender. Mvua kubwa ikipiga Pugu, Jangwani inaweza kujaa huku jua likiwaka. Kwa hiyo kuangalia mawingu ya kwenu hakutoshi. Kila mtaa wa chini uwe na namba za watu wawili walioko juu ya mto. Wawili, kwa sababu mmoja simu itazima chaji siku hiyo hiyo.

Kisha pakeni rangi kwenye nguzo ya zege karibu na mto: mstari kila sentimita 10, na mstari mwekundu kwenye usawa wa kizingiti cha nyumba ya chini kuliko zote. Mtu apige picha kila dakika 15 maji yakianza kupanda. Kinachoamua ni kasi. Yakipanda mistari miwili kwa robo saa, wazee, watoto na magodoro vitoke, msingoje mstari mwekundu. Umeme uzimwe kwenye meni swichi kabla maji hayajafika kwenye soketi za chini. Yakishafika, asiiguse mtu.

Fundi Levo
Kuhusu mitaro, kosa kubwa ni kuanzia kuzibua mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Anzeni mwisho wa maji, pale mtaro unapomwaga, mpande kwenda juu. Ukizibua juu kwanza, uchafu wote unashuka na kukaa kwenye kalavati, na hapo ndipo pabaya kuliko popote kuzibua: giza, nafasi finyu, na ndani kuna chupa na nondo.

Tope likitolewa lisilale ukingoni. Liacheni siku mbili lichuje maji ili lipungue uzito, kisha guta ilichukue. Mvua moja tu ikilikuta hapo, linarudi lote mtaroni na posho za vijana zimekwenda na maji. Mkataba wa guta usainiwe kabla ya kuanza kuchimba. Mitaa mingi hupata nguvu kazi ya kuzoa ikakosa hela ya kusafirisha.

Mteremko: angalau sentimita 5 kila mita 10. Pimeni usawa kwa mpira mweupe unaoonyesha maji ndani, ncha moja huku na nyingine kule, ila hakikisheni hauna mapovu ndani. Povu moja linawapa kipimo cha uongo, na mtamwaga zege mtaro ukipanda mlima.

Chekeche la kuzuia taka: nondo za milimita 12, nafasi ya sentimita 10 kati ya nondo na nondo, lilale kwa mshazari ili reki ipande juu yake. Mafundi hupenda kubana nafasi ziwe sentimita 3, wakiamini ndiyo usafi. Hilo ni bwawa. Majani na mifuko vinaliziba ndani ya nusu saa, maji yanageukia nyumba za jirani. Na chekeche lisilo na mtu wa kulisafisha usiku wa mvua bora lisiwepo.

Mkazi wa Mlimani
Naomba kutusema na sisi wa juu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50: lita 3,000 kutoka nyumba moja, na wengi tunazielekeza barabarani. Zidisheni kwa mtaa mzima. Tanki la lita 2,000 likiwa tupu mvua inapoanza linapunguza kishindo. Likiwa limejaa tangu juzi halisaidii kitu. Anayetaka kupima mvua atumie kopo la rangi la lita 4 lenye kuta zilizonyooka, aliweke mbali na paa na mti, apime kina kwa rula. Ndoo imepanuka juu, inadanganya.

Bonde Letu
Umesema kweli. Taka nazo ni hivyo hivyo. Anayelipia gari la taka likapita mara moja kwa wiki mbili, akachoka akatupa korongoni, hafurikiwi yeye. Anafurikiwa wa chini, halafu huyo wa chini ndiye anayeambiwa mchafu.

Mama Viroba
Viroba vya mchanga: jaza nusu hadi theluthi mbili, basi. Kiroba kilichojaa pomoni kinakuwa kigumu, kikipangwa kinaacha matundu. Kunja mdomo, uulaze chini ya kiroba, pangilia kama matofali yanavyofungana, kanyaga kila safu. Kitako kiwe na upana wa mara mbili au tatu ya kimo. Upande wa maji tandika turubai, ncha yake ya chini ikandamizwe na viroba.

Msichimbe mchanga mtoni kwa kazi hii. Ukingo ukishachimbwa unameguka, na viroba vyenu vinakwenda nao. Kuta za matairi na taka zilizoshindiliwa hazidumu pia, maji hupita chini yake. Na viroba vya plastiki vikikaa juani miezi kadhaa vinapasuka vyenyewe, kwa hiyo vya mwaka jana vijaribuni kwa kuvuta kabla ya kuvitegemea.

Chemba Safi
Vyoo vinyonywe Januari au Februari. Kunyonya katikati ya masika kuna hatari mbili. Shimo lisilojengewa likibaki tupu huku ardhi imejaa maji, kuta zinaporomoka. Tanki jepesi la plastiki likiwa tupu linaweza kuibuka.

Pale gari la majitaka lisipofika hutumika pampu ya mkono, tope linaingia kwenye mapipa na kwenda mabwawa ya kutibu majitaka kama ya Vingunguti. Kabla ya pampu, pampasi na matambara yavuliwe kwa ndoano ndefu. Pampasi moja inasimamisha kazi nzima. Tope likiwa gumu ongezeni maji, mkoroge, mpumzishe, ndipo mpampu. Glavu ndefu na buti ni lazima, na hakuna kuingia shimoni hata kama kilichodondoka ni simu. Hewa ya mle inaua.

Wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kitoke na maji ya mvua, wajue visima vifupi vya mtaa mzima vinapokea. Mafuriko yakipita, maji ya kisima hayanywewi mpaka kisima kitolewe maji yote, kisafishwe na kutiwa klorini. Hata hapo, chemsheni.

Guta la Mboji
Taka za sokoni zisiende korongoni, zifanyeni mboji. Ujazo mmoja wa mabichi (maganda, kabichi, maembe) kwa mitatu ya makavu (majani, maranda). Lundo lisipungue mita 1 kila upande, dogo zaidi halishiki joto. Chukua ngumi moja ya lundo ukamue: matone machache ni sawa, yakichuruzika ongeza makavu. Harufu ya mayai viza maana yake limekosa hewa, geuza. Makumbi ya nazi yachelewesheni, hayaozi upesi. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa msiyaguse.

Mgeni Uzini
Na wanaothaminiwa nyumba ili walipwe fidia wahame? Na ile sheria ya mita 60 kutoka mtoni je?

Karani wa Mtaa
Mita 60 ni katazo la shughuli za kudumu karibu na mto, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na hupimwa kutoka ukingo wa mto. Ukingo wa Msimbazi unamegwa kila mwaka, hivyo nyumba inaweza kuingia ndani ya mita 60 bila kusogea hata tofali. Picha za zamani zenye tarehe zitunzeni.

Kanuni za fidia za 2001 hazihesabu jengo na ardhi peke yake. Kuna posho ya usumbufu, usafiri (tani 12 kwa kilomita 20), makazi (kodi ya miezi 36) na hasara ya faida kwa mwenye biashara, nayo miezi 36. Kwa biashara, daftari la mauzo ndilo linaloongea, maneno hayaandikwi.

Siku ya mthamini mwenye nyumba awepo mwenyewe. Ahesabu naye vyumba, choo, kisima, uzio, mwembe. Asome fomu kabla ya kusaini, aipige picha. Jina lifanane herufi kwa herufi kwenye kitambulisho na akaunti ya benki. Nyumba ya marehemu ifunguliwe mirathi mahakamani mapema, maana wathamini wakishapita familia ndiyo huanza kugombana nani asaini.