Mrejesho: fimbo ndefu ya pool ya mtu mrefu

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza: nina futi 6 na inchi 7, fimbo ya kawaida ya sm 147 inanikunja mgongo na mkono wa nyuma unashika mwisho kabisa wa kitako, yaani ule upande mnene wa nyuma. Nifanyeje?

Aliyesema urefu uongezwe kwenye kitako, mbele paachwe kama palivyo, alikuwa sahihi. Nilikwenda Keko, hapa Dar, kwa fundi wa kukereza mbao, nikamwachia fimbo yangu ya vipande viwili. Kosa la kwanza ni langu: nililazimisha mpingo kwa sababu ya urembo. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, jamani! Kitako kikavuta chini, ncha ikawa inaelea, kila mpira nikipiga naugusa juu kuliko nilivyolenga.

Tukarudia. Safari hii mninga, sm 13 tu, na mpingo ukabaki pete nyembamba kwenye kiungo. Fundi akatoboa katikati, akatia boliti na gundi, akaniambia nisiiguse mpaka kesho yake. Akaweka fimbo juu ya kidole kutafuta inapotulia, akapunguza kitako kwa msasa, akapima tena. Alifanya hivyo mara nne.

Sasa ni sm 160 na mgongo umetulia. Shida iliyobaki ni kijiwe chetu cha Sinza: meza imebanana na ukuta, nikivuta nyuma nagonga plasta. Upande ule bado naazima fimbo ya watu wafupi.